Shali ya mjukuu, tundu moja lililokosekana na kosa ambalo hakuna aliyeliona

Hiki kisa nakiweka chote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kila anayefuma vitu vya matundu matundu atakutana nacho tu siku moja. Na wengi wakikutana nacho wanafanya moja kati ya mawili, ama wanafumua kazi ya wiki nzima kwa hasira, ama wanaifungia kabatini na haitoki tena. Mi naamini kuna njia ya kulipima kosa kabla hujaamua lolote, na kisa hiki kinaionyesha vizuri sana.

Mhusika ni mama mmoja wa huku kwetu Njombe, mtu mzima, sweta za kufuma amefuma tangu usichana wake. Binti yake alikuwa mjamzito, mjukuu wa kwanza huyo, na mama akaamua shali ya ubatizo hatanunua dukani, ataifuma mwenyewe kwa sindano mbili, nyeupe, ya matundu. Ndugu yake aliyeko nje alimletea uzi wa sufu halisi ya kondoo, mwembamba, kama gramu 200 hivi. Huo uzi madukani huku huupati kirahisi, nyingi unazokuta ni akriliki, uzi wa plastiki, na kumbuka hilo manake litarudi mbele.

Paterni aliyochagua ni ile ya mawimbi ya Shetland, visiwa vile vya kaskazini mwa Scotland. Kule wanawake wameifuma miaka na miaka kwenye shali za kila siku, za kujifunika mabegani na za kufunikia watoto wachanga, kwa hiyo kwa kazi yake alichagua kitu sahihi kabisa. Ni mistari minne tu inayojirudia, na mitatu kati yake haina matundu. Kazi yote iko kwenye mmoja: unafuma vitanzi viwili pamoja mara tatu, halafu unatupa uzi juu ya sindano na kufuma kimoja, hivyo mara sita, halafu viwili pamoja tena mara tatu. Hilo ndo wimbi moja, limekula vitanzi 18 na limetoa vitanzi 18, sita umepunguza kwa kubana na sita umerudisha kwa kutupa uzi, na kila uzi uliotupwa ndo tundu. Yeye alianzisha vitanzi 168, mawimbi tisa katikati na vitanzi vitatu vya ukingo kila upande, sindano ya milimita 4.

Alipokuja nyumbani shali ilikuwa imeshafungwa mstari wa mwisho, iko kwenye mfuko wa rambo, na hata kabla sijamaliza kumwambia shikamoo akaitoa akaikunja akaniwekea kidole mahali. "Ona hapa mwanangu, ona, tundu tano." Kweli, wimbi moja lilikuwa na matundu matano badala ya sita, na wimbi lililokuwa juu yake limeegemea kidogo upande mmoja. Alikuwa ameligundua wakati anahesabu amalize, mistari 48 ilikuwa imeshapita juu yake. Akasema hajalala vizuri, anataka nimsaidie kufumua mpaka hapo. Nikamuuliza mama, kwani nani atakuja kuhesabu matundu? Akajibu wakwe. Na hapo sikucheka, kwa sababu ndo ukweli, shali ile itashikwa na kila mama mkwe na wifi siku ya ubatizo, na wengine wao wanafuma.

Sasa tuanze na hesabu ya kufumua, kwa sababu watu wanasema tu "fumua" kama vile ni bure. Mistari 48 mara vitanzi 168 ni vitanzi 8,064. Hivyo vyote vinakwenda, na vyote vinarudi upya, na mikono ya mtu aliyechoka ikirudia vitanzi elfu nane itafanya makosa mengine mapya, hilo sina shaka nalo. Halafu uzi wenyewe. Sufu nyembamba ikifumwa na kufumuliwa inachakaa, manyoya yanasimama, matundu ya sehemu iliyorudiwa hayatoki safi kama ya sehemu ya kwanza, kwa hiyo unaondoa kosa la tundu moja unaleta utofauti wa nusu ya shali. Na uzi wa akiba hana, zaidi ya kipande kilichobaki.

Lakini sikutaka kumjibu hapo hapo. Nilimwomba kwanza tuikague shali nzima, kila wimbi, kila ukingo, kama hatujui kuna kosa lolote. Hii ndo hatua ninayoona watu wanairuka. Ukishaona kosa moja akili yote inahamia pale na macho yanaacha kuona mengine. Tukatandika shali juu ya kitenge cheusi mezani, tukakaa karibu na dirisha, tukaanza kuivuta taratibu kwa vidole, sehemu kwa sehemu.

Kosa la pili tukalikuta kwenye wimbi la saba, upande wa kushoto, pale penye nyama, yaani pasipo na matundu, kati ya wimbi na wimbi. Kitanzi kimoja kilikuwa kimekaa peke yake nyuma, hakijashikwa na chochote. Nikaangalia vizuri nikaelewa kilichotokea: alipokuwa anafuma viwili pamoja sindano ilikamata kimoja tu, cha pili kikaponyoka. Na hili ni kosa baya kuliko linavyoonekana, nieleze kwa nini. Sisi tumezoea kujikagua kwa kuhesabu, unahesabu 18, 18, 18, ukipata 17 unajua umesahau kutupa uzi. Ila ukifuma viwili pamoja unabaki na kimoja, na sindano ikikamata kimoja na kuachia kingine bado unabaki na kimoja, hesabu inatoka sawa kabisa, 18 yako iko pale, na kitanzi kiko wazi nyuma ya kitambaa kinasubiri. Ndo maana mama hakulijua. Amehesabu kila mstari kwa uaminifu wote na hesabu haikumwambia kitu.

Kwa nini hakikuwa kimeshuka? Kwa sababu ya sufu. Unyoya wa kondoo una magamba madogo madogo, nyuzi zinashikana zenyewe, kitanzi kinaweza kukaa wazi muda mrefu kisitembee. Ingekuwa akriliki laini kingeshashuka zamani na yeye angeona ngazi, yaani nyuzi tupu pale vitanzi vilipoachia. Lakini siku shali inaloweshwa na kuvutwa kwa pini pande zote, kitanzi kile kingeachia cha chini yake, nacho kingeachia kingine. Na fikiria hiyo ni shali ya mtoto mchanga, ngazi ile inaacha nyuzi ndefu zilizolegea, na uzi uliolegea unaweza kumzunguka mtoto kidole cha mkono au cha mguu ukakaza, damu isipite. Hiyo si habari ya urembo tena.

Kosa la tatu ndo lililonishtua zaidi na lilikuwa wazi mbele yetu wote. Mstari wa kufungia. Nilichukua futi ya kushonea nikapima ukingo wa kuanzia, ukivutwa kidogo unafika sentimita 90. Nikapima wa kufungia, nikivuta mpaka naogopa kukata, 66. Mama alifunga kwa sindano ile ile ya milimita 4, kwa njia ya kawaida ya sweta, tena amekaza kwa sababu alitaka ukae imara. Kwenye sweta ni sawa. Kwenye kazi ya matundu huo ukingo ni kamba, shali yote itafunguka isipokuwa pale, utapata kitu chenye umbo la gunia, na yale mawimbi ya pembeni ambayo ndo uzuri wote wa paterni hii hayatatokea upande huo hata ufanye nini.

Kwa hiyo angalia hali ilivyokuwa. Kosa lililomnyima usingizi ni tundu moja ambalo haliendi popote, liko pale, limefungwa, halitembei na halitaharibu jirani yake. Makosa mawili ambayo yangeiua shali alikuwa hajayaona. Na kama ningemsikiliza tukafumua mistari 48, lile la wimbi la saba lilikuwa chini zaidi ya hapo, lingebaki vile vile, na ukingo angeufunga tena kwa mkono ule ule.

Kuna mwenzetu mwingine, fundi mzuri sana, anafuma za kuuza, yeye nilipomsimulia alisimama upande wa kufumua. Hoja yake ni kwamba kazi ya mkono inaheshimiwa kwa unadhifu, ukianza kujisamehe tundu moja leo kesho utajisamehe matatu. Simpuuzi. Kwa kazi ya oda, mtu amekulipa hela yake kwa paterni aliyoionyesha, mi pia ningefumua, au ningemweleza mteja mapema nimpunguzie bei. Ila hii si oda, na uzi hauna wa kuongezea, na mtoto alikuwa anakaribia kuzaliwa. Hayo matatu yanabadilisha jibu. Kuna na wale wanaosema wafumaji wa mazulia wa Uajemi huacha kosa makusudi kwa kuwa mkamilifu ni Mungu peke yake, watu wanaipenda sana hiyo, na mtu akikuambia hivyo anakufariji. Mi hainisaidii. Mkono wa mtu unaleta makosa yake wenyewe ya kutosha, na faraja ya namna hiyo inafunika yote kwa blanketi moja, tundu lisilo na madhara na kitanzi kinachosubiri kushuka vyote vinaitwa "ubinadamu". Kupokea kosa kunatakiwa kuje baada ya kulijua ni la aina gani.

Basi tukaamua hivi. Tundu libaki. Kitanzi kishikwe. Ukingo ufunguliwe.

Kitanzi kwanza, nikakikamata na pini ya kawaida ili kisiende popote wakati tunatafuta uzi. Ukakatwa uzi ule ule, kipande cha kiganja na zaidi kidogo, kwenye sindano butu ya mkono, ukapita ndani ya kitanzi, ukaenda kwa nyuma ukakishika na kitanzi cha jirani, bila kukaza, halafu mikia yote miwili ikafichwa kwa kupita mshazari nyuma ya sehemu yenye nyama. Usipitishe mkia kwenye matundu, unaonekana. Na usikate mkia karibu siku hiyo, acha urefu wa vidole viwili, utakata shali ikishakauka, kwa sababu ikivutwa ule mkia unaingia ndani na ukikata mapema unachomoka.

Ukingo ulichukua muda. Kabla ya kufungua tulipitisha uzi mwembamba wa pamba, wa rangi, ndani ya vitanzi vyote 168 vya mstari wa chini ya ule wa kufungia. Huo ni uzi wa usalama, na kwa kweli kama mama angekuwa anauweka kila baada ya mawimbi mawili matatu tangu mwanzo, kwenye mstari usio na matundu, lile tundu lililokosekana angerudi kulirekebisha bila kufumua kazi kubwa. Tena tundu lililosahaulika ukiliona ndani ya ile mistari mitatu tupu wala hufumui, unanyanyua tu ule uzi unaopita kati ya kitanzi na kitanzi, unaufuma, hesabu inarudi 18, tundu linatoka dogo kidogo kuliko wenzake basi. Yeye aligundua 17 alipofika mstari wa matundu unaofuata, akaacha kubana mara moja ili hesabu ikae bila kutafuta kosa lilipo, ndo ile kuegemea.

Akafungua, akafunga upya kwa sindano ya milimita 5.5: unafuma viwili, unavirudisha vyote sindano ya kushoto, unavifuma pamoja kwa kupitia nyuma, unafuma kingine, unavirudisha vyote viwili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Inakula uzi zaidi ya ile ya kawaida, tulikuwa na wasiwasi, ukatosha. Tukapima, ukingo ukafika 90 bila kulazimisha.

Sasa kumalizia kwenyewe. Kazi ya matundu ikitoka kwenye sindano inakuwa imejikunyata, haina sura, ukiiangalia hapo unakata tamaa kabisa, na watu wengi wanaihukumu kazi yao katika hali hiyo. Kule Shetland waliichukulia hatua hii kuwa kazi inayojitegemea, shali inaoshwa, inatandazwa kwenye fremu ya mbao ikiwa bado mbichi, kila ncha imefungwa uzi, inakauka ikiwa imekaza. Sisi tulitumia godoro. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, shampuu kidogo, shali ikalala humo kama nusu saa bila kusuguliwa, manake sufu ukiisugua au ukiitoa maji ya moto ukaitia ya baridi ghafla yale magamba yanashikana moja kwa moja na shali inakuwa nguo nzito nene, hairudi. Ukiitoa usiikamue kwa kuisokota, iviringishe kwenye taulo ulikanyage.

Kinachotokea ndani ni kile kile cha nywele za kichwani ukiziset kwa rola zikiwa mbichi. Sufu na nywele vimejengwa kwa protini ya aina moja, maji yanalegeza vile viunganisho vyepesi vinavyoshika umbo, zikikauka zikiwa zimevutwa vinajishika upya katika umbo jipya. Ndo maana akriliki hutaiweza hivi, ile ni plastiki, ukiiloweka na kuivuta ikikauka inarudi ilivyokuwa. Akriliki inataka mvuke wa pasi, pasi ikae juu hewani isiguse, na hata hivyo ukizidisha inalegea moja kwa moja, inapoteza ule mvuto wake na hakuna cha kuirudisha. Na vile vitambaa vya kroshia vya uzi wa pamba tunavyovitia wanga vikasimama kwenye kochi, hiyo ni njia nyingine tena, kwenye shali ya mtoto usiilete, ngozi ya mtoto inataka ulaini.

Tulitandika shuka safi juu ya godoro, tukaanza kubana pini, pini zisizoshika kutu, hili nalisisitiza kwa sababu pini ya kutu kwenye sufu nyeupe mbichi inaacha doa ambalo hulitoi. Kona nne kwanza, halafu katikati ya kila upande, halafu kila ncha ya wimbi pini yake, unapima upande huu na upande ule zilingane. Ilitoka sentimita 72 kwa upana ikafika 88. Ukingo wa kufungia ukatoa mawimbi yake tisa. Pale kwenye kitanzi tulichokishika hatukuvuta sana, pini zake zilikaa kwa kulegea kidogo.

Mama alitaka kuitoa kesho yake, ameigusa anasema imekauka. Nikamzuia. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake na ukiishika usihisi maji, yaani kwenye gramu 200 zile kuna gramu 60 hivi za maji umezishika mkononi unasema kavu. Na baridi ya hapa Juni hiyo, na hatukutaka kuianika juani ikabadilika weupe, basi ikakaa godoroni mpaka tukaridhika. Mwenye godoro akalala kwingine.

Ilipotolewa tukaiweka tena juu ya kile kitenge cheusi. Nikamwambia mama nitafutie tundu tano. Akaanza kutafuta, akapita wimbi moja moja, na alilipata, sitaki kudanganya hapa kwamba lilipotea. Matundu yalivyovutwa yaligawana nafasi, matano yamekaa mapana kidogo, kule kuegemea kumenyooka karibu kote, ila anayelijua analiona. Akasimama hatua mbili nyuma, umbali wa mtu anayemwangalia mtoto mikononi mwa mama yake, akasema hapa silioni. Tukaikunja mara mbili kama itakavyomfunika mtoto, tabaka mbili zikilaliana matundu hayakai tena juu ya matundu, hapo hata kuhesabu huwezi. Alikaa nayo mapajani kitambo. Halafu akaniambia atamwonyesha binti yake tundu lilipo, amwambie hilo ni lake, asije mtu mwingine akamwambia kwa kumwumbua. Hilo sikumfundisha mimi, na nimeliona la maana, kwa sababu hofu yake yote tangu mwanzo ilikuwa ya kukutwa.

Wifi mmoja aliliona siku ya ubatizo, kwa taarifa yenu. Naye ni mfumaji. Aliuliza uzi umetoka wapi.

Kilichobaki ni maagizo ya kuosha, na haya mama aliyaandika kwenye karatasi akayaweka ndani ya shali, kwa sababu binti hafumi na shali ya sufu ikioshwa ule uvutaji wote unafutika, inarudi kujikunyata. Isiingie mashine. Isilowekwe pamoja na nepi. Maji ya vuguvugu, taulo, kisha itandazwe kitandani kwa pini upya, na kila ikikauka ageuze wimbi la saba kwa nyuma aangalie ule uzi wa kushikia kama bado umekaa, ukianza kulegea asimfunike mtoto nayo mpaka bibi aje na sindano.